Mizizi ya Mdaa na Jino la Bwana Afya

Mwaka hamsini na sita mkoloni alimwaga mtaroni miswaki ya mama yangu, mizizi ya mti wa mdaa ya kusugulia meno, akisema mdomo uliopakwa rangi ya mdaa ni mdomo mchafu. Sijasahau. Kwa hiyo mwaka sabini na nne, Bwana Afya Jailos alipobeba mafurushi ya mizizi ya mdaa ya Mama Tusajigwe pale sokoni Iyunga, akayafungia ofisini na kutangaza kwamba atayachoma, damu ilinichemka. Mjane yule hana shamba. Miswaki hiyo ndiyo ugali wa wanawe.

"Inaozesha meno," alisema Jailos. "Sayansi imesema."

"Imesemea wapi, ndugu?" nikamuuliza.

"Wewe wa darasa la nne utaielewa?"

"Ionyeshe kwanza, halafu uone kama sitaielewa!"

Soko zima likapiga makofi. Akashindwa kukataa.

Roza, mpimaji wa maabara aliyehamia kwetu kutoka Iringa, alikubali kupima mbele ya watu, mlango wa maabara ukiwa wazi. Ila alitaka vijidudu vya jino bovu. Macho yote yakamwangukia Jailos, maana shavu lake lilikuwa limevimba kama aliyebana andazi.

"Chukua," alisema. "Vijidudu vyangu havitishwi na mizizi ya porini."

"Na mzizi auchague mwenyewe," nikasema, "humo humo alimoufungia. Asije kesho akasema tumemlaghai."

Akachagua mwembamba kuliko yote. Roza akautwanga, akauloweka, akachuja. Akapaka uchafu wa jino la Jailos kwenye kisahani chenye rojo ya damu ya kondoo, chakula cha vijidudu, juu yake akaweka vikaratasi viwili: kimoja cha maji matupu, kingine cha maji ya mdaa. Kisahani kikaingia kwenye kabati la joto ili vijidudu vikue, ufunguo akaushika Jailos.

Mama Tusajigwe hakula siku ile. "Ikishindwa je, baba?"

"Haishindwi, mama." Nilisema hivyo, ingawa sikuwa na hakika.

Kesho yake Jailos akafungua. Vijidudu vilikuwa vimetanda kisahani kizima kama ukungu wa Julai. Kwenye karatasi ya maji vilikuwa vimefika hadi ukingoni. Kuizunguka ile ya mdaa, palikuwa patupu, bila kijidudu, upana wa sarafu ya shilingi.

"Hiki ni kisahani, si mdomo," alisema Roza. "Siwezi kusema mdaa unaponya jino. Lakini kuozesha? Vinavyoozesha ndivyo vilivyokufa hapa."

"Vya nani hivyo?" nikauliza kwa sauti, wa mlangoni nao wasikie.

"Vyangu," Jailos akanong'ona. Kisha akasema, "Mama, chukua mizigo yako."

"Uliichukua sokoni, mwanangu, watu wakitazama," Mama Tusajigwe akajibu. "Irudishe sokoni."

Jailos akaibeba kichwani mpaka Iyunga, sisi nyuma tukiimba na kupiga vigelegele. Akaipanga chini, fungu kwa fungu. Mama Tusajigwe akachomoa mzizi mnene, akampa.

"Ndaga, mwanangu, asante kwa kunibebea. Huu wa bure. Tafunia upande usiouma."