Kitabu Alichokichoma Mwalimu Mselem

Mwalimu Mselem alikuwa akigeuza godoro la binti yake kutafuta kunguni alipokiona. Kilikuwa kitabu chembamba, kimechakaa kwa kushikwa, na jaladani palichorwa mwanamume aliyefungwa pingu na, nyuma yake, mwanamke mwenye midomo myekundu. Hakufungua hata ukurasa mmoja. Alitoka nacho uani, akakisukuma kati ya mafiga, chini ya sufuria ya maharage. Karatasi zilikuwa kavu, zikashika moto upesi.

Wijdan alirudi kutoka shule akakuta kipande cha jalada kikijikunja kwenye majivu.

"Baba, umechoma nini?"

"Uchafu."

"Kitabu kile si changu. Ni cha Uweso, anakodisha. Na hatujakimaliza."

"Hamjakimaliza wewe na nani?"

Msichana aliinama, akakitoa kile kipande kwa kijiti, akakikanyaga mpaka kikazimika. Tangu siku hiyo hakumwambia baba yake neno lolote isipokuwa shikamoo ya asubuhi, na hiyo aliitoa akiwa ameshatazama pengine.

Mselem hakuona kosa lake. Mtaani Mabawa hakuna aliyehangaikia kusoma zaidi yake. Miaka ya kampeni ya elimu ya watu wazima alifundisha darasa la jioni, akawashika kina mama vidole juu ya mchanga mpaka wakaandika majina yao. Walifanya mtihani, wakapewa vyeti, wakaenda zao. Kabati la vitabu alilopewa kwa ajili yao, vya kilimo cha pamba, vya ufugaji wa kuku, vya siha, lilibaki nyumbani kwake likiliwa na mchwa. Kila mara alisema kwa uchungu kwamba watu wa Mabawa wanajua herufi lakini hawasomi. Sasa aone binti yake mwenyewe analala juu ya takataka?

Aliyemfumbua macho ni mkewe, Hamdiya. Alimwambia siku ya tatu, akichambua mchele wenye mawe walioupata kwa foleni.

"Unajua kitabu ulichochoma kilikuwa kinasomwa wapi?"

"Chini ya godoro."

"Kwa Bi Mwanakhamis. Kila alasiri. Wijdan anasoma, sisi tunasikiliza. Mimi pia."

Jina la Bi Mwanakhamis lilikuwa halitajwi nyumbani mle kwa sauti ya kawaida. Mwaka ule, themanini na tatu, serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi. Sabuni ilikuwa haionekani madukani, na mtu aliyekutwa nayo zaidi ya mahitaji yake alichukuliwa. Watu walikuwa wanatupa vitenge visimani. Haroub, mtoto pekee wa Bi Mwanakhamis, alikutwa na katoni za sabuni kibandani kwake. Yeye alisema si zake, kaweka mtu. Walimpeleka rumande, na tangu hapo majirani wengi walianza kupita njia nyingine wakienda dukani. Mselem alikuwa mmoja wao. Aliihofia kazi yake.

"Huyo wa pingu," Hamdiya akaendelea, "ni dereva wa lori, Masumbuko. Kasingiziwa kuua. Yuko gerezani, mama yake anahangaika kumtoa. Tulibakiza kurasa chache. Bi Mwanakhamis alikuwa hali mchana kutwa mpaka Wijdan afungue kitabu, ndipo anakunywa uji. Sasa kaambiwa kimeungua. Anasema basi, ni ishara, Haroub hatatoka. Tangu juzi hajaweka kitu mdomoni."

"Hizo ni hadithi tu, Hamdiya."

"Mwambie yeye."

Akaenda kumwambia. Alichagua kabatini kitabu ambacho mchwa hawakukifikia, akakipangusa, akaenda mchana kweupe kwa njia ya mbele, akisita kila alipoona mtu amesimama barazani. Bi Mwanakhamis alikuwa amelala kwenye mkeka, amegeukia ukuta. Alikuja Tanga kutoka Pemba akiwa bibi harusi, na sasa alikuwa mjane mwenye mvi.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis. Nimekuja kukusomea."

"Marahaba." Hakugeuka. "Soma."

Akasoma. Alisoma kwa sauti yake ya darasani juu ya banda bora la kuku, upana wa madirisha yake, na namna ya kutandaza pumba. Hata yeye alianza kusikia jinsi sauti yake inavyoanguka sakafuni na kubaki pale. Mwishoni mama yule alisema, bado akiutazama ukuta:

"Mwalimu, kuku sina. Nina Haroub."

Mselem alifunga kitabu. Hakuaga vizuri.

Kesho yake alimfuata Uweso, kijana wa Kidigo aliyepanga vitabu juu ya gunia karibu na soko la Ngamiani. Uweso alimtazama kama anayemtazama askari.

"Kumbe ni wewe. Nataka kitabu changu, Mwalimu."

"Nitakulipa."

"Nikanunue wapi? Karatasi hakuna, wachapishaji hawachapishi. Watu wanakingoja kile. Nirudishie kile kile, au nitakuja shuleni kwenu nisimame mbele ya watoto niseme nani kakichoma."

"Nakala nyingine ipo kwa nani?"

Uweso alikuna kichwa. Alijua moja tu, aliyomuuzia Tadeo, fundi wa matrekta huko Maramba.

Jumamosi Mselem alidandia lori la kupeleka magunia matupu, akakaa juu na upepo. Maramba alimkuta Tadeo amelala chini ya trekta lisilo na spea. Fundi alicheka sana aliposikia mwalimu kafuata kitabu kile. Alikitoa kwenye sanduku la vifaa, kimejaa alama za grisi.

"Chukua. Lakini mwisho wake, Mwalimu, mimi sikuupenda."

Katika safari ya kurudi Mselem alikifungua kwa mara ya kwanza. Alianza kwa kukunja uso, akitafuta makosa, nayo aliyapata: watu waliopigana kurasa mbili bila kuchoka, mwanamke aliyelia kila akionekana. Lakini mbele kidogo mama yake Masumbuko alisimama mlangoni pa gereza na kikapu cha chakula, akaambiwa arudi kesho, akarudi kesho, akaambiwa arudi kesho. Mselem aliacha kutafuta makosa. Lori liliruka mashimo na yeye alishika ukurasa kwa vidole vyote.

Kwenye kizuizi cha barabarani waliamriwa kushuka. Magunia ya mahindi yaliyopakiwa Maramba yalifunguliwa moja moja. Mgambo mmoja alimpekua Mselem, akapata kitabu, akakigeuzageuza.

"Wewe kazi yako?"

"Mwalimu."

"Mwalimu mzima unasoma mambo ya pingu na majambazi?" Aliwaonyesha wenzake yule mwanamke wa midomo. Wakacheka. "Cha nani hiki? Umetumwa?"

Wiki moja nyuma angesema amekiokota njiani.

"Changu," akasema. "Nipe, nilikuwa sijamaliza."

Mgambo akamtupia kitabu. Lori liliondoka. Mselem akasoma kurasa za mwisho zilizobaki huku minazi ya pwani ikianza kuonekana, na alipofika mwisho akarudi kuusoma tena. Masumbuko hakutoka. Alinyongwa, na siku iliyofuata ikagundulika hakuua. Mama yake alipoletewa habari alianguka pale pale akafa.

Hicho ndicho alichokuwa anampelekea Bi Mwanakhamis.

Alifikiri kukitupa kichakani. Alifikiri kumpa Uweso moja kwa moja na kunyamaza. Lakini Hamdiya alikuwa anamsubiri kituoni, na nyuma yake Wijdan, macho yakiwa kwenye mfuko wake. Habari ya safari yake ilikuwa imeshafika mtaani. Wanawake walikuwa wameshatandika mikeka uani kwa Bi Mwanakhamis.

Bi Mwanakhamis alikuwa amekaa, ameegemezwa mto, mashavu yamebonyea. Wijdan alinyoosha mkono kukipokea kitabu.

"Nitasoma mimi," Mselem akasema.

Alitaka kiwe mikononi mwake. Wijdan alikaa ubavuni kwake, karibu mno, bila kusema kitu. Alianza walipoachia. Akasoma kesi, akasoma hakimu, akasoma usiku wa mwisho wa Masumbuko selini. Bi Mwanakhamis alikuwa ameushika upindo wa khanga yake kwa ngumi mbili. Mselem alifungua ukurasa uliofuata, akaona mstari unaoanza na kamba.

"Alfajiri," akasoma, "mlango wa seli ulifunguliwa. Askari akasema... askari akasema, Masumbuko, chukua nguo zako. Uko huru."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kifupi. Mselem aliendelea haraka, akibuni, jasho likimtonea kwenye karatasi.

"Baba."

Mselem alikatisha. Mbali na shikamoo, lilikuwa neno la kwanza baada ya siku nyingi.

"Baba, soma kilichoandikwa."

Bi Mwanakhamis alimtazama msichana, kisha akamgeukia baba yake, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa.

"Mwalimu, unanisomea au unanihurumia?"

"Bi Mwanakhamis, mwisho wake..."

"Nimeuliza."

"Nakuhurumia."

"Watu wote wananihurumia. Wananihurumia kwa kupita njia ya nyuma." Mselem aliinamisha uso. "Sikukuita kwa huruma. Soma."

Akasoma. Alisoma kamba, akasoma kaburi, akasoma ukweli uliokuja umechelewa. Hamdiya alikuwa akilia. Alipofika kwa mama anayeanguka na kufa, sauti ilimkatika, Wijdan akakichukua kitabu mkononi mwake taratibu na kumalizia sentensi zilizobaki. Kisha wote wakamtazama Bi Mwanakhamis, wakiogopa.

Alipiga mkeka kwa kiganja.

"Mwongo!"

"Nani, bibi?" Wijdan akauliza.

"Huyo aliyeandika. Mpaka pale gerezani alikuwa akisema kweli, kikapu na rudi kesho, nikasema huyu anajua. Hapa kachoka, kamwua mwanamke ili amalize kitabu chake. Mama hafi hivyo! Mama anaanguka, ndiyo, kisha anaamka, maana kuna sahani ya kuosha, kuna mahali pa kwenda kuuliza. Yeye kaona wapi mama anayekufa kwa sentensi moja?"

"Na mimi nimeona hivyo hivyo," Hamdiya akasema huku akifuta macho. "Na yule wa midomo alikuwa na kazi gani mle?"

Wakaanza kusema wote. Mmoja alitetea mwisho, akasema wapo wanaonyongwa bure na ni vizuri isemwe. Mwingine akasema isemwe, lakini isemwe na mtu aliyewahi kungoja. Wakarudia kurasa, wakamwamuru Wijdan atafute pale hakimu alipojikanyaga. Mselem alikaa katikati yao. Katika miaka yote ya darasa la jioni hakuwahi kusikia mtu akikibishia kitabu.

"Hebu nileteeni uji," Bi Mwanakhamis akasema katikati ya ubishi. "Nami kesho nakwenda kwa Haroub, nani atanisindikiza?"

Wanawake walitazamana.

"Mimi," Mselem akasema. "Tutapita barabara kubwa."

Kitabu kilirudi kwa Uweso. Wiki iliyofuata Mselem na Wijdan walipiga magoti mbele ya kabati la mchwa. Msichana alikuwa akifungua katikati ya kila kitabu, anasoma kwa sauti mistari michache, kisha anasikiliza kidogo kama aliyegonga nazi. Vingi alivirudisha. Kimoja cha siha alikiweka pembeni, kwa sababu kilieleza homa ya mtoto kama inavyokuja kweli. Kingine, cha hadithi za safari, walikigombania mpaka Hamdiya akawapigia kelele kutoka uani. Baba alisema kina Kiswahili kizuri. Binti alisema Kiswahili kizuri kisicho na mtu ndani yake.

"Basi tuwapelekee," Mselem akasema. "Wakikikataa, nitakubali."

Wanawake walikikataa alasiri ya pili.

Haroub aliachiwa mwaka uliofuata, mwenye sabuni alipojulikana. Alirudi amekonda, hapendi kusemeshwa. Mama yake hakumuuliza kitu. Jua lilipopungua alimtandikia mkeka wake pembeni ya wanawake, asilazimike kutazamana na mtu, na Wijdan akafungua kitabu.