Daftari la Viatu

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kila jioni isipokuwa Jumapili, sensei Omuse husimama mlangoni pa chuo chake cha karate hapa Malaba na kuhesabu viatu. Haangalii nyuso. Viatu hupangwa kwenye ubao mrefu nje ya mlango, vidole vikitazama barabara, kwa cheo cha mkanda: mikanda ya kahawia kulia, mikanda myeupe kushoto kabisa. Kila mtu ana nafasi yake. Sensei hutembea na daftari na kalamu ya kijani, na kila jozi anayoiona anaiwekea tiki. Amefanya hivyo miaka kumi na moja. Mchana ni wakala wa forodha, anashughulikia karatasi za malori, na anaamini karatasi kuliko mdomo wa mtu.

Chuo chenyewe zamani kilikuwa ghala la pamba. Sasa kina mabati mapya na mikeka ya mpira, vyote vimenunuliwa na Geoffrey, mkanda wa kahawia, mwenye maduka mawili ya vipuri vya malori. Hakuna aliyemwomba. Alileta tu, watu wakashukuru, na ndiyo taabu ya zawadi.

Alhamisi moja mwezi wa sita, saa kumi na mbili jioni na dakika chache, gari dogo jeupe lilimgonga Osukuku pale barabara inapovuka reli akija mazoezini, likaenda zake. Osukuku alikuwa fundi wa magurudumu, miaka ishirini na tatu, mkanda wa kahawia vilevile. Brendah, muuza ndizi, aliliona gari na aliyeliendesha, na aliyeliendesha alikuwa Geoffrey. Aliwaambia askari hivyo mara tatu, na hiyo mara ya tatu ndizi zake zilikuwa zimeshaoza. Askari mmoja akaenda kwa sensei kuomba daftari. Daftari lilisema jioni ile Geoffrey alikuwa mazoezini. Basi, mambo yakakwama hapo.

Na kweli sandali za Geoffrey zilikuwa mlangoni. Alikuwa ameziacha tangu Jumatano, mvua iliponyesha akaondoka na gambuti. Hakukusudia ujanja wowote. Sensei aliziona, akaweka tiki, na safu ilipopangwa akaona mapengo mawili bega kwa bega, la Osukuku na la Geoffrey. Akajiambia Geoffrey yuko msalani. Msalani mpaka mazoezi yaishe, jamani! Geoffrey naye hakudanganya, kwa sababu hakuulizwa yeye. Liliulizwa daftari.

Osukuku alizikwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwao Kamuriai. Jumatatu alikuja mazoezini.

Alipiga magoti mlangoni, kama anavyotakiwa kila aliyechelewa, akangoja. Miguu yake ilikuwa mitupu. Sensei alimwacha pale dakika tano, kama ambavyo angemwacha mtu yeyote, kisha akampungia mkono.

"Umechelewa, Osukuku."

Osukuku akainama, akaingia kwenye nafasi yake, na wenzake wakasogea kumpisha. Malaba watu hawashangai ovyo. Hapa mtu huamka akakuta foleni ya malori imepita mji wa jirani wa Amagoro, akachemsha chai.

Alikuwa yuleyule. Ngumi zake zilinyooka, hesabu alizikumbuka. Ila wengine walipoacha jasho kwenye mikeka, yeye aliacha vumbi jeusi la lami. Mazoezi yalipoisha na kila mtu akachukua kitambaa kufuta sakafu, naye alifuta la kwake, magoti chini, mpaka likaisha. Kisha akatoka akaelekea reli. Kwa kuwa hakuwa na viatu, sensei hakumwekea tiki.

Kwa cheo, mwenzake wa mazoezi alikuwa Geoffrey. Waliinamiana. Geoffrey aliinama chini sana na hakuwa na haraka ya kuinuka. Siku ya tatu alimfuata sensei pembeni.

"Sensei, nibadilishie mtu. Mkono yake ni baridi."

"Safu ni safu," sensei akasema, na huo ndio ulikuwa ukali wake wote.

Akurut, mama yake Osukuku, huuza mayai ya kuchemsha kwa madereva walio kwenye foleni. Aliposikia mwanawe anaenda mazoezini hakulia. Alifunika beseni lake mapema, akaja, akakaa kwenye benchi ya nje, akamtazama kupitia mlango mpaka mwisho. Osukuku alipompita akitoka, mama alimwita jina lake la utotoni. Osukuku alimwinamia, kama wanavyowainamia wakubwa, akaenda. Akurut akamngoja sensei.

"Sensei, mtoto wangu yuko ndani na daftari inasema hayuko. Huyo mwingine hakuwa, na daftari inasema alikuwa. Rekebisha laini moja tu. Hiyo ya Alhamisi."

"Mama, daftari haifutwi."

"Sijasema ufute. Andika pembeni. Sema ulikosea."

Sensei alitazama juu, kwenye mabati. "Watu wanne wamepata mikanda nyeusi kwa hii daftari. Nikisema nilikosea siku moja, watauliza hizo zingine."

"Wacha waulize."

Sensei aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu atafute mfukoni kalamu aliyoishika mkononi. Akamwambia Akurut alale salama.

Akurut aliwaza siku mbili. Mochari walikuwa wamempa viatu vya Osukuku kwenye mfuko wa kaki: raba nyeupe, ya kushoto imechanika kando. Alizifua, akazianika, akaishona ile iliyochanika. Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo, akaziweka kwenye ubao, nafasi ya kwanza kulia, kando ya sandali za Geoffrey, vidole nje.

Sensei alifika akasimama. Kalamu ilikaa hewani kidogo. Lakini sheria aliitunga mwenyewe, akaweka tiki. Jioni hiyo Osukuku hakuchelewa.

Ikawa hivyo wiki nzima. Jumamosi ya pili, asubuhi, Akurut aliomba kuazima daftari. Sensei akampa, hata hakuuliza la nini. Labda alitaka mtu mwingine afanye kilichomshinda yeye. Akurut alilifunga kwenye leso, akalipeleka kituoni, akalifungua mbele ya askari mwenye faili.

"Boss, angalia. Mtoto wangu nimemzika. Hapa inasema alikuja karate juzi na jana. Hii daftari inaangalia viatu, haiangalii watu. Basi hata Geoffrey, hiyo Alhamisi, walihesabu viatu tu."

Ilikuwa hoja nzuri, na alikuwa ameipanga njia nzima. Askari alifuata mistari kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu. Akampigia sensei simu, akaongeza sauti ili mama naye asikie.

"Sensei, huyu Osukuku jana alikuja kweli?"

"Alikuja."

"Watu walimwona?"

"Wote."

"Kwa hivyo daftari yako iko sawa?"

Upande ule wa simu Akurut alisikia mvua ikianza kupiga mabati mapya. Akaomba kimoyomoyo, kwa Kiteso, neno moja tu kutoka kwa sensei: hapana.

"Iko sawa," sensei akasema.

Askari akafunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili. "Mama, shida ni hii. Hii faili inataka marehemu. Na wako anahudhuria."

"Nimemzika, boss. Na hii mikono."

"Pole sana, mama. Lakini umesikia mwenyewe."

Akaipiga faili muhuri, akaiweka kwenye kabati la zilizokwisha.

Mwezi wa kumi na mbili watahini walikuja kutoka Nairobi. Kwao hapimwi mtu ambaye mahudhurio yake yana mapengo, na Osukuku na Geoffrey hawakuwa na pengo hata moja tangu zile raba zifike. Wakapimwa, wakapita wote wawili. Sensei aliwafunga mikanda myeusi kwa mikono yake. Kwa Osukuku fundo lilimshinda mara mbili, mpaka Osukuku akamsaidia. La Geoffrey lilikaa mara moja. Akurut alipiga makofi pamoja na watu wengine, maana mkanda mwanawe aliutolea jasho tangu darasa la saba, na huo angalau alipewa.

Mpaka leo Osukuku huja. Mazoezi yakiisha hufuta vumbi lake, huinama mlangoni, kisha huzipita raba zake bila kuzivaa na kwenda reli. Akurut huziokota akarudi nazo nyumbani. Siku hizi, akizirudisha kwenye ubao, haziweki vidole nje. Huziweka zikitazama ndani, kama viatu vya mtu aliyefika kwao na haendi tena popote. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kufanya hivyo. Sensei huziona, huziwekea tiki, kisha husogea hatua moja kushoto na kuziwekea tiki sandali za Geoffrey.