Kibao cha Bi Corinne

Corinne Ouellette alikuwa na miaka sitini na mitatu alipoanza kazi ya kuwafundisha watoto kuendesha mashua za tanga kwenye kambi ya kiangazi kando ya ziwa. Walimu wenzake pale kambini walikuwa vijana wa chuo ambao wangeweza kuwa wajukuu zake, na mkubwa wao, Wade Pomerleau, mkuu wa waokoaji, alikuwa na miaka ishirini na miwili na kifua cha kuonyesha. Wade alimwita Bibi. Alisema magoti yake yanalia kuliko kamba za mlingoti.

Kabla ya hapo Corinne aliendesha basi la shule miaka thelathini katika mji wa kiwanda cha karatasi, huko huko jimbo la Maine, Marekani, mwendo wa saa moja kutoka ziwani. Mashua alizijua tangu utotoni. Mumewe, Armand, alifariki Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Hawakujaliwa watoto. Aprili alipoona tangazo la kambi kwenye gazeti aliandika barua siku hiyo hiyo, maana nyumba ilikuwa imemshinda. Simu ikilia, ni mtu anauza madirisha.

Mkurugenzi wa kambi, Greta Halvorsen, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwajiri kwa majaribio hadi mwisho wa Julai, basi. Wade naye hakuficha. Alimwambia Greta mbele ya watu kwamba siku mashua ikipinduka kwenye upepo wa kweli, yeye atakuwa na kazi ya kuokoa wawili, mtoto na Bibi. Corinne alicheka pamoja na wengine, lakini usiku huo hakulala vizuri. Aliitaka kazi ile. Tangu Februari hakuwa ametaka kitu chochote, hata chakula, na sasa alikitaka hiki kwa moyo wote.

Na kazi aliiweza, tusimpunje. Somo lake la kwanza lilikuwa kuipindua mashua kwa makusudi. Watoto wa miaka tisa, majaketi yamewafika masikioni, walipiga kelele kama kuku wakiona mwewe, na yeye akiwa ndani ya maji pamoja nao akawaambia wasigombane na mashua, waiache ilale kwanza, kisha waiamshe. Kufika wiki ya tatu walikuwa wanapiga bisho, wakikata upepo kushoto na kulia, hadi kisiwani na kurudi, wakitukanana kwa furaha kutoka mashua hadi mashua.

Ila kwenye jambo moja alikuwa mkali kuliko wote, nalo ni ubao. Pale kwenye gati ulisimama ubao wenye vibao vidogo vya majina ya kila mtu, mtoto na mkubwa, upande mmoja vyeupe, upande wa pili vyekundu. Ukiingia majini unageuza chako kiwe chekundu. Ukitoka, cheupe. Kila baada ya muda waokoaji walisoma ubao na kutazama ziwa, na kibao chekundu kisicho na mwenyewe hakikuwa na mjadala: kinapigwa king'ora. Watoto wanapelekwa bwaloni kuhesabiwa, na wakubwa waliobaki wanaingia majini.

Julai ikielekea ukingoni, msichana mmoja, Tabitha Crowell, alisahau kukigeuza chake. Corinne mwenyewe ndiye aliyekiona, akampiga marufuku kugusa maji siku mbili. Mtoto alilia hadi akapata kwikwi. Corinne hakulegea.

"Nimebeba watoto kwenye basi miaka thelathini," alimwambia. "Kila jioni nilitembea hadi kiti cha mwisho kuangalia kama kuna aliyelala. Sijasahau hata mmoja. Na wewe hutasahau tena."

Alhamisi ya mwisho wa Julai, siku mbili kabla ya Greta kutoa uamuzi, upepo ulikuja safi kutoka kusini magharibi. Ilikuwa saa ya mapumziko baada ya chakula cha mchana, watoto wamelala. Corinne alikuwa ameshona tanga moja lililochanika akataka kulijaribu. Akageuza kibao chake, akatoka na kidau. Tanga lilishika upepo bila kasoro, na alirudi akiwa na furaha ya kitoto. Hajamaliza kufunga kamba, mpishi, Bev Tuttle, akamwita kutoka juu kilimani: pai ya matunda ya buluberi imetoka kwenye oveni, aje sasa hivi kabla wale nzige hawajaamka. Alipanda kilima mbio na viatu vyake vilivyolowa. Ubao aliupita hivi hivi.

Alikuwa kwenye kipande cha pili king'ora kilipolia.

Uma ulianguka wenyewe. Bev alikimbilia bwaloni kuwahesabu watoto, na Corinne akateremka kilima kwa magoti yale yale yanayolia, bila kuyasikia. Alipofika, vijana walikuwa wameshaingia majini wamepanga mstari, mkono kwa mkono, maji kifuani. Akaingia pia, akashika mkono wa mtu wa mwisho, mwalimu wa sanaa aitwaye Joel. Joel hakumtazama. Kwenye mstari hakuna anayegeuza kichwa wala kusema, ndiyo sheria. Macho kwenye maji, miguu inapapasa chini, hatua moja, unazama kidogo, unapapasa kwa mikono, hatua nyingine.

Corinne alipapasa. Kila jiwe lililogusa mguu wake lilimkata pumzi. Alikuwa na hakika ni Tabitha. Mtoto amekuja mwenyewe kufanya mazoezi, alijisemea, kwa sababu nilimwaibisha, kwa sababu ya ukali wangu. Akaanza kusali kimoyomoyo kwa Kifaransa cha mama yake, akamwahidi Mungu mambo mengi ambayo mtu wa umri wake hawezi kuyatimiza. Mbele yao Wade alikuwa anapiga mbizi chini ya gati, anaibuka, anavuta pumzi moja, anazama tena.

Kutoka gatini Greta akasema kwenye kipaza sauti, "Geukeni, tunarudia. Shati la buluu. Nywele zina mvi, zimefungwa nyuma."

Corinne akawaza, mtoto gani huyo mwenye mvi?

Mstari ukageuka, na katika kugeuka ule ndipo Joel alipomwona mtu aliyemshika mkono. 

"Bi Corinne," alisema polepole. "Tunakutafuta wewe."

Hakumwachia mkono. Aliukaza mpaka ukauma.

Wade aliibuka tena, damu ikimtoka puani, akaona mstari umesimama na kila mtu anatazama upande mmoja. Akaja akitembea ndani ya maji. Corinne alisubiri kejeli, na moyoni alijua anastahili. Kijana akafika mbele yake, akakaa kitako pale pale maji yalipofika kiunoni, akalia mbele ya wenzake wote.

"Ulikuwa wapi, Bibi?"

"Jikoni," alisema Corinne. "Nakula pai."

Mtu mmoja mstarini akacheka kicheko cha woga, kisha wote, ila Wade.

Ofisini kwa Greta alikaa na taulo mabegani. Hakungoja kuulizwa. Alisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kama alimkata mtoto wa miaka tisa basi naye akatwe. Atafunga mizigo yake jioni ile. Alisema hayo kwa sauti kavu, halafu akageuka kutazama ziwa.

Greta alikuwa ameshika karatasi.

"King'ora kilipolia nilitoa fomu yako nijue nimpigie nani. Pale pa jamaa wa kupigiwa umeandika Armand."

Corinne hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Mwezi wa Aprili, akiijaza fomu ile mezani jikoni kwake, mkono uliandika wenyewe jina ulilozoea kuandika miaka yote.

"Nilipiga," alisema Greta. "Iliita sana."

Iliita kwenye nyumba ile tupu. Corinne aliona haya kuliko alivyoona majini. Alisema ni mazoea tu, amsamehe, afute, aache pabaki wazi, maana hana mwingine.

"Andika jina langu," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Wade, pamba mbili zimemjaa puani, na nyuma yake Bev na aproni yake.

"Kule chini nilikuwa nawaza, nikimpata, nitamwambia nani," alisema Wade. "Sitaki kuwaza vile tena. Andika mimi."

"Huyu mwezi wa tisa yuko chuoni, hata mama yake hampati," alisema Bev. "Andika mimi. Simu yangu iko ukutani, na mimi sitoki."

"Basi aandike na mama yangu. Yeye yupo nyumbani siku zote. Mkali kama wewe, Bibi, mtapatana."

Greta aliwaacha wabishane. Kisha akasema kuhusu kazi: siku mbili nchi kavu, kama Tabitha, na viazi vya kumenya vipo. Jumapili arudi kwenye mashua. Akavuta droo, akatoa fomu nyingine, ya mwakani, akaiweka juu ya ile ya kwanza, na kalamu.

Asante ya Corinne ilikuja baadaye. Aliisema mara nyingi mno, kwa Wade, kwa Joel, kwa kila kijana aliyekuwa mstarini, hadi wakaanza kumkwepa. Wakati ule alishika kalamu tu. Kwenye fomu ya kwanza alipiga jina la Armand mstari mmoja mwembamba, ambao chini yake bado lilisomeka. Kisha akaanza kuandika, Wade akimtajia herufi za ukoo wake moja moja na Bev akimsukuma ili ataje namba yake, na nafasi ikaisha kabla hajafika kwa mama yake Wade.

"Geuza," alisema Greta. "Nyuma ni tupu."