Usingizi wa Bi Sabra Mikokoni

Maji yaliwakimbia alasiri, mtumbwi ukakaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Mshamu alikuwa akimpeleka mama mkwe wake, Bi Sabra, kwa bintiye Nasma, mke wa Mshamu, aliyejifungua kisiwani, akajitia kukata njia ya mkato mikokoni. Basi wakabaki wao wawili, na kaa wakipiga chafya mashimoni.

Mshamu akatandaza tope kwenye omo, mbele ya mtumbwi, juu yake akawasha vijiti vikavu vya mkandaa. Moto mdogo, wa kuchukulika kiganjani. Akapika mchele wa Ikwiriri kwa maji ya dumu, pamoja na kaa aliyemvuta shimoni, magando yake kama mikono ya seremala. Kilipoiva akamsogezea mkwewe sufuria nzima, akaenda tezini, nyuma ya mtumbwi, akampa mgongo. Ale mbele ya mama mkwe? Bora azame.

Bi Sabra aliitazama mikono ya kijana. Tangu alfajiri hajatia kitu tumboni. Maji yakirudi bila mtu mwenye nguvu ya kushika pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, mkondo ungewapeleka bahari kuu, na huko wangemsalimia nani? Akambembeleza, akamtania kwamba hata huyo mkewe hayupo wa kuwasema. Wapi.

"Mimi nimeshiba, mwanangu," akasema mwisho, naye hajaonja hata punje. "Sasa nalala. Mtu aliyelala si mkwe wa mtu."

Akajifunika kanga gubigubi, akakoroma kwa uongo, mkoromo wa kupanda na kushuka. Lakini moshi ulikuwa mtamu na tope lilikuwa vuguvugu, mkoromo ukageuka wa kweli. Akaiona mikoko ikikunja mizizi na kutembea, kila mmoja na sufuria kichwani, ikienda harusini. Mkondo umekuwa wali mweupe unaofuka mvuke, naye anaelea, mdomo wazi, hana haja hata ya kunawa.

Alipofumbua macho, mikoko ilikuwa inarudi nyuma kweli. Maji yamejaa. Mshamu amesimama tezini, pondo inazama na kuibuka, mabega yamemrudia. Sufuria imeoshwa. Hata ukoko hakubakiza.

"Mama, si ulisema umeshiba?" akauliza, macho kayaficha majini.

"Nimeshiba, baba." Bi Sabra akameza mate taratibu, yasisikike. "Lakini sukuma upesi. Nasma yuko peke yake na supu yote ile ya uzazi."