Kitanda Kwenye Mlango wa Nyuma

Usiombe kukaguliwa na mtu mpole. Mkali utamsema kwa majirani, roho itulie, maisha yaendelee. Huyu mkaguzi alivua viatu mlangoni, akawasalimia watoto mmoja mmoja kana kwamba wao ndio wenye nyumba, na Mama Vitoto akajua leo ana kazi.

Sebuleni, anapolelea watoto wa watu, hapakuwa na kasoro. Dawa zilikuwa juu ya kabati, soketi zimezibwa, mtungi wa kuzimia moto umening'inia ukutani, ndoo zote tupu, mtoto asije akazama. Miaka yote aliyolea hakuna mtoto aliyerudi kwao na hata jeraha. Haya, nundu mbili tatu, lakini mtoto bila nundu ni mtoto gani?

Taabu ilikuwa chumba cha nyuma. Humo alilala mumewe, fundi seremala, tangu kiharusi kimpoozeshe upande mmoja. Watoto walimwita Babu Lala. Chumba chenyewe chembamba, kitanda hakikai ila pale pale kwenye mlango wa kutokea nje. Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza alisema kitolewe, maana moto ukishika jikoni, mlango wa mbele haufikiki. "Nitatafuta namna, mwanangu," Mama Vitoto alimjibu. Namna aliyoipata ni kukisogeza shubiri moja, akajidanganya kwamba mtoto anapita. Angefanyaje? Leseni ile ya kulea watoto ndiyo iliyowalisha, na ndiyo iliyomnunulia mzee dawa.

"Leo tufanye zoezi, mama," mkaguzi alisema. "Tuseme jikoni kunawaka." Akapuliza filimbi.

Lo! Watoto walitoka mbio kwenda nyuma, wakipiga kelele za furaha. Wa kwanza, kimbaombao, akapenya. Wa pili ana tumbo lake, akakwama kati ya kitanda na ukuta. Waliobaki hawakungoja, walipanda kitandani, wakamkanyaga mzee miguu, mmoja akamkalia kifuani. "Babu, fungua! Moto!"

Babu Lala akanyoosha mkono wake mzima kulifuata komeo. Vidole vikaligusa, vikateleza. Akajaribu tena, jasho likimtoka, na watoto wakazidi kucheka. Mama Vitoto alikuwa kizingitini, hana pa kupitia.

"Basi, wanangu, basi," mkaguzi alisema. Akamgeukia Mama Vitoto.

"Siwezi kuwaacha watoto humu, mama. Mimi si mbaya wako."

"Najua, na ndicho kinachoniuma. Ungekuwa mbaya ningekutukana, nikapumua. Nimhamishie sebuleni?"

"Sebuleni ndiko wanakolala watoto. Hairuhusiwi. Sina la kufanya."

"Wala mimi sina."

"Nitoeni," Babu Lala alisema, neno likimtoka upande mmoja wa mdomo. "Kwa dada."

"Dada yako gani? Huyo anayeshika kuta akienda chooni? Nani atakugeuza, mume wangu? Nani atakulisha?"

Mzee aliweka mkono juu ya yule mtoto aliyemkalia kifuani, ambaye sasa alikuwa akimvuta ndevu.

"Huyu," alisema, "angeungua juu yangu."

Mama Vitoto, ambaye mtaa mzima ulijua hakosi jibu, alikwenda kukunja nguo za mumewe.

Jioni, watoto walipokwisha kuchukuliwa, mkaguzi alirudi na gari la kuazima la kumpeleka mzee kwa dada yake. Akambeba mgongoni hadi garini kwa uangalifu, kama anambeba baba yake. Kisha yeye na jirani wakakifungua kitanda vipande vipande, wakakitoa. Chumba kikabaki sakafu tupu.

Mkaguzi akauvuta mlango wa nyuma. Akaufunga, akaufungua tena.

"Unafunguka vizuri, mama. Leseni unayo."

"Asante, mwanangu," Mama Vitoto alisema, na papo hapo akauchukia ulimi wake kwa kushukuru.