Kofia ya Kichwa cha Kabati

Kazi yangu ni kukagua madai ya bima. Mtu akiniambia upepo umeng'oa paa lake, naenda kuangalia kama misumari ilikuwa na kutu. Nimesomea kazi hiyo chuoni, cheti kiko ukutani, na nimeifanya tangu mwanangu hajaota meno. Kwa hiyo makocha wa mpira wa Kimarekani wa vyuo walipoanza kubisha hodi kwangu hapa Harlow Creek, Alabama, kila mmoja akitabasamu kama bwana harusi, sikubabaika. Nilitandika meza.

Kwetu watu hubishania usajili wa wachezaji kuliko mechi zenyewe. Kwa kinyozi, kanisani, kwenye kituo cha mafuta: nani kampata nani, kocha gani ana ulimi wa asali, kocha gani kaishiwa. Kuna kipindi cha redio kinachowapa makocha nyota kama hoteli, kulingana na vijana wanaowanasa kutoka shule za sekondari. Sawa. Lakini mtangazaji wa redio hajawahi kumwona kocha akijaribu kumeza mboga za mama mkwe wangu huku anaahidi mbingu. Mimi nimewaona.

Mwanangu anaitwa Demond, ingawa hapa mjini jina hilo natumia mimi tu. Mji mzima unamwita Kabati, kwa sababu akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Uwanjani kazi yake ni kusimama upande wa kushoto na kuhakikisha hakuna anayemgusa mrusha mpira. Anaifanya vizuri. Anakula vizuri pia. Na ana kichwa kikubwa. Sisemi majivuno, nasema kichwa. Nimekizaa mimi, nakijua.

Desemba ile alikuwa amebakiza vyuo viwili, na Siku ya Kutia Saini, vijana wanapojifunga rasmi na chuo, ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Ukishatia saini, umetia. Mtoto wa jirani yangu aliahidiwa namba, akafika chuoni akakuta wenzake chungu nzima wameahidiwa namba hiyohiyo, akarudi kwa mama yake kabla ya Krismasi na begi begani. Sikutaka kuliona begi la Demond mlangoni. Lakini nilikuwa nimemwahidi kwamba kuchagua ni kwake, mimi nitafunga mdomo. Macho sikuahidi kuyafunga.

Wa kwanza kuja alikuwa Kocha Wendell Stroud wa Pinola, chuo kidogo ng'ambo ya mto. Alikuja na mvua. Akavua viatu barazani bila kuambiwa, akaingia na soksi, na kidole gumba kimechungulia nje ya soksi ya kulia.

Mama mkwe wangu, Bibi Ozella, ambaye anaishi nasi na haachi kitu kipite, akakitazama. "Kocha, hicho kidole kinatafuta nini?"

"Kinatafuta kambare, bibi. Kimesikia harufu tangu barabarani."

Bibi Ozella akacheka mpaka akashika meza. Tulikula. Kambare wa kukaanga, mboga zilizochemshwa na mguu wa nguruwe, mkate wa mahindi, makaroni na jibini. Nikamjazia glasi chai tamu ya barafu nikamwuliza swali langu, lile ninalowauliza watu wote wanaotaka kitu kutoka kwangu.

"Niambie ukweli, kocha. Mwanangu atacheza lini?"

"Mwaka wa kwanza hatacheza, mama. Pengine hata wa pili."

Nikaweka uma chini. "Kwa nini?"

"Anachelewa. Mpira ukianza, anainamisha kichwa kwanza, ndipo mguu unasogea."

"Mwanangu hachelewi."

"Anachelewa, mama. Naomba mboga kidogo tena, tafadhali."

Wiki nzima nilikuwa nikiutafuta ukweli. Ukweli ulipokuja na soksi iliyotoboka, nikatamani kuurudisha kwenye mvua. Nilimpakulia mboga kwa nguvu, kijiko kikalia kwenye sahani.

Yeye hata hakutikisika. Alikuwa anamtazama Demond usoni. "Hiyo alama kwenye paji la uso, inauma?"

"Kidogo, kocha."

"Helmeti?"

"Ndiyo kubwa kuliko zote shuleni."

"Kwa hiyo unainamisha kichwa ili isikubane."

Demond akafikiri. Nilimwona akifikiri. "Nilidhani ndivyo helmeti zilivyo," akasema.

Stroud akamgeukia Bibi Ozella, ambaye hushona majoho ya kwaya. "Bibi, una ile tepu ya kupimia?"

Tepu ikaletwa. Kocha akasimama nyuma ya kiti cha mwanangu, akapima paji la uso, kisogo, sikio hadi sikio, na vipimo akaviandika kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu ya jikoni.

"Yesu wangu," Bibi Ozella akasema, anaisoma tepu. "Nimeshona mapazia madogo kuliko hiki kichwa."

"Bibi!"

"Nyamaza, Kabati, mwache mtu afanye kazi."

Alipoondoka, Demond alibaki analamba sahani, mawazo yako mbali. "Ni mtu mzuri, Mama. Lakini Kocha Sollers alishaniambia kwenye simu kwamba nitaanza siku ya kwanza."

Nikafunga mdomo, kama nilivyoahidi. Iliniuma kama jino.

Kocha Brantley Sollers alikuwa wa Wattensaw, chuo kikubwa, uwanja mkubwa, mabango barabarani. Redio ilimpa nyota zote na kumkopesha moja. Angekuja Ijumaa. Jumatano nikakutana dukani na Shondra Tolliver wa Beasley, mji wa pili kutoka kwetu. Mwanawe Keyon naye ni mlinzi wa upande wa kushoto, naye alikuwa anawindwa na Wattensaw.

"Sollers alikuja kwangu Jumatatu," Shondra akasema, amekumbatia mfuko wa unga. "Shoga, alilia!"

"Alilia wapi?"

"Juu ya pudini yangu ya ndizi. Akasema ameota ndoto, bibi yake marehemu amekaa jukwaani na blanketi magotini, anamwambia ampe Keyon jezi sabini na nne. Na upande wa kushoto ni wake tangu siku ya kwanza."

"Wa Keyon?"

"Wa nani tena?"

Nikamtazama. Akanitazama. Unga ukashuka polepole kwenye kikapu.

"Shondra, Ijumaa jioni unafanya nini?"

"Atanitambua."

"Vaa wigi."

"Wigi halihitajiki, yule bwana aliangalia picha iliyo juu ya kichwa changu usiku mzima. Lakini nitavaa. La dada yangu, lile jekundu."

Basi Ijumaa tulikuwa na mgeni jikoni, eti binamu yangu kutoka mji wa Mobile, wigi jekundu na miwani ya kusomea ya Bibi Ozella. Sollers akafika na gari linalong'aa, meno yanang'aa, buti zinang'aa. Akaingia nazo ndani. Jambo la kwanza akatoa kofia ya Wattensaw akaitia kichwani kwa Demond mbele yetu sote.

"Angalia! Imezaliwa naye!"

Ilikaa juu kama kifuniko cha soda juu ya boga. Sollers alikuwa ameshaanza kumsifu Bibi Ozella kwa ujana wake. Demond akaishika kofia kwa mkono mmoja isidondoke, akala na mkono wa pili, uso umejaa furaha. Huyo ndiye aliyekuwa akimtaka.

Pudini ikaja. Sollers akaonja, akaweka kijiko chini, akatazama ukuta juu ya kichwa changu.

"Mama Gaddis, nikwambie kitu sijawahi kumwambia mtu. Niliota ndoto."

Nyuma yake, Shondra alikuwa amesimama na jagi la chai. Akaanza kusogeza midomo. Bila sauti, neno kwa neno, nusu neno mbele yake.

"Nilimwona bibi yangu, Mungu amrehemu," akasema Sollers.

Shondra akamrehemu kabla yake, mkono kifuani.

"Amekaa jukwaani. Na blanketi magotini."

Shondra akajifunika blanketi lisiloonekana. Bibi Ozella akaingiza leso mdomoni. Nilibana paja langu chini ya meza mpaka likafa ganzi.

"Akaniambia, Brantley, mpe yule mtoto sabini na nne. Jezi hiyo nimeifungia ofisini. Upande wa kushoto ni wa Demond, tangu siku ya kwanza."

Shondra akapangusa jicho moja, la kulia. Sekunde ile ile kocha akapangusa jicho la kulia.

Demond aliona. Alikuwa amekaa mkabala nao, anawaona wote wawili pamoja kama kwaya. Mkono ukatoka kwenye kofia. Kofia ikateleza ikaangukia kwenye pudini.

Bibi Ozella akatoa leso mdomoni. "Kocha, hilo blanketi lilikuwa la rangi gani?"

"Bluu," wakasema Sollers na Shondra kwa pamoja.

Kocha akageuka taratibu. Shondra akavua wigi.

"Jumatatu ulikula kwangu," akasema. "Ukalia kwangu. Jezi moja, watoto wawili. Utaikata katikati, mmoja avae mikono?"

Sijawahi kuona mzungu akiwa mwekundu namna ile, na wigi lilikuwa mkononi mwa Shondra kwa kulinganisha. Bibi Ozella alipasuka kwanza. Halafu mimi. Halafu Demond akaanza, na Demond akicheka, vyombo kabatini vinacheza. Shondra akalazimika kuweka jagi chini.

Sollers akajaribu kuokoa kilichobaki. "Mama Tolliver, nilikwambia pudini yako ndiyo bora niliyowahi kula, na nilimaanisha."

"Na yangu?" nikauliza.

Akanitazama. Akamtazama Shondra. Akautazama mlango. Kwa mara ya kwanza jioni ile alitazama watu, si ukuta.

"Kuna makocha wamefukuzwa kazi kwa swali rahisi kuliko hilo," akasema, na akajicheka mwenyewe. Halafu akavuta pumzi. "Basi. Nawataka wote wawili. Mmoja atacheza, mmoja atasubiri. Yupi, sijui. Sitajua mpaka niwaone wakigombea nafasi mazoezini kiangazi."

"Ona," Bibi Ozella akasema, "kasema na wala hajafa. Mpeni pudini."

Alikula sahani mbili. Nami lazima niseme hili, maana kazi yangu ni kukagua kwa haki: baada ya hapo alikuwa mgeni mzuri sana.

Tatizo ni kwamba ukweli ulimpendeza Demond. "Angalau sasa kasema, Mama," aliniambia akisuuza sahani. "Na ni Wattensaw."

"Umeamua?"

"Si ulisema utafunga mdomo?"

Nikaufunga. Siku zile nilikagua mapaa mabovu mawili nikayapitisha yote, kichwa hakikuwepo.

Jumatano ukumbi wa michezo wa shule ulijaa. Bendi, mabango, kamera ya televisheni ya kule mjini, shangazi wa kila upande. Mezani kofia mbili, maana mchezaji hutangaza chuo chake kwa kuvaa kofia yake: ya Wattensaw ile iliyopanguswa pudini, na ya Pinola, bado imo ndani ya boksi lililotumwa kwa posta. Demond akakaa katikati yangu na bibi yake, amevaa tai. Shondra alishanipigia simu asubuhi: Keyon amesaini Wattensaw. "Kashasema ukweli mara moja, shoga," alisema. "Nitamshika palepale aliposimama." Nikajua jezi ile bado ina watu wawili, kama mwanangu ataitaka.

Demond akasogelea kipaza sauti. "Nashukuru Mungu, mama yangu, na bibi yangu." Halafu mkono wake ukaenda kushoto, ukachukua kofia ya Wattensaw.

Ukumbi ukalipuka. Bendi ikaanza wimbo. Nilipiga makofi, maana niliahidi, na mikono ilikuwa mizito kama mawe.

Akaivaa. Akatulia, kofia iko juu kabisa, kifuniko cha soda. Akawatazama watu upande huu, akawatazama upande ule. Kisha akatikisa kichwa mara moja, kama ng'ombe anayefukuza nzi, na kofia ikaruka ikatua kwenye ngoma ya bendi.

"Inabana," akasema kwenye kipaza sauti.

Akafungua boksi. Kofia iliyotoka mle mtu angeweza kumwogeshea mtoto. Akaivaa, ikashuka vizuri mpaka juu ya masikio, ikatulia kama imeshonewa hapohapo. Mbele imeandikwa Pinola. Akanigeukia akitabasamu, na hapo nilimruka shingoni, kiti kikaanguka, Bibi Ozella akapiga vigelegele vya kanisani, mpiga ngoma akapiga kofia ya watu.

"Ulijua tangu lini?" nikampigia kelele sikioni.

"Tangu tepu! Nilitaka tu kuona utafunga mdomo mpaka lini!"

"Demond Gaddis!"

"Mama, kamera!"

Picha hiyo iko ukutani sasa, kando ya cheti changu. Kabati na kofia yake, mimi na kiatu kimoja. Helmeti mpya ilifika Pinola kabla yake, na alipokuja likizo ya kwanza nilimpapasa paji la uso kama anaumwa homa. Laini. Hajacheza hata dakika moja bado, nami nimeambiwa nisiulize mpaka mwaka ujao. Bibi Ozella humtumia Stroud soksi.

Juzi simu ililia ofisini. Mama mmoja wa kaunti ya tatu kutoka kwetu, simjui, ana mtoto mrusha mpira na kocha anakuja Alhamisi.

"Samahani kukusumbua," akasema kwa sauti ya chini. "Nasikia una binamu kutoka Mobile."

Nikamwuliza anapenda wigi la rangi gani.