Bata wa Bwana Safi

Kazini walimwita Mama Kadi, kwa sababu hakuonekana bila sanduku la kadi kwapani. Alikuwa mkusanya maneno katika ofisi ya kamusi, vyumba vitatu juu ya duka la rangi za nyumba, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa ile ile: kumfuata mtu pale anapofanyia shughuli zake, kumuuliza kitu hiki kwenu kinaitwaje, na kuliandika jibu kabla halijapoa. Umama wenyewe ulikuwa bado. Mimba yake ilikuwa na wiki kumi na moja na aliyejua ni mumewe tu, naye alijua kwa sababu kila asubuhi alimsikia chooni akitapika mpaka machozi.

Harufu zote zilikuwa zimemgeuka. Rangi ya duka la chini ilimpanda kichwani. Sabuni ya mumewe, ambayo aliinunua mwenyewe, sasa aliificha nyuma ya ndoo. Lakini hakuna kilichomkinaisha kama kidole gumba cha Profesa. Profesa, mkuu wa ofisi, alikuwa na tabia ya kukilamba kila alipotaka kufunua kadi, tena si kugusa tu kwa ncha ya ulimi. Alikizamisha kinywani, akakitoa kikimetameta, akafunua. Kadi zilibaki na pembe laini zilizovimba, na Mama Kadi alizipokea kwa kucha.

"Kuna kiwanda cha bata nje ya mji," Profesa alimwambia siku moja. "Wafanyakazi wake wanatoka kwenye lugha saba ambazo hatuna hata karatasi moja kuzihusu. Zote saba chini ya paa moja! Waarabu wana batt, Wareno wana pato, Wahindi wana batakh, sisi tuna bata. Neno hili linatembea na ndege wake, mama. Niletee hizo saba. Zikiwa nazo zina bata, sura yangu ya kitabu imekwisha."

"Na kama hazina?"

"Zinalo," alisema, na kidole kikaenda kinywani.

Kiwandani harufu ilimpokea getini. Haikuwa harufu ya uozo, maana uozo angeuzoea. Ilikuwa harufu ya uvuguvugu: manyoya yaliyochemshwa, damu iliyooshwa nusu, mafuta yaliyoganda ukutani. Ndani, bata walining'inia miguu juu kwenye kulabu, wakapita katika tangi la maji ya moto yenye povu la kijivu, wakatoka wamelowa kama matambara. Mashine ya vidole vya mpira iliwanyonyoa. Manyoya madogo yaliyogoma yalimalizwa na nta: ndege alizamishwa kwenye nta ya moto, akatiwa maji baridi, kisha wanawake wakaibambua ile nta kwa mikono, ikitoka nzima na manyoya yake kama soksi iliyolowa. Mbele zaidi walikuwa watoa matumbo. Matumbo yalidondoka kwenye mfereji uliopita katikati ya sakafu, yakateleza polepole hadi shimoni.

Mama Kadi alimeza mate mara tatu, akapiga moyo konde.

"Karibu, karibu! Safi!" alisema msimamizi. Alivaa mabuti meupe pe, na neno hilo halikumkauka mdomoni, ndiyo maana wafanyakazi walimwita Bwana Safi. Alimpa chumba cha kutundikia aproni, akawa anamletea watu mmoja mmoja na kusimama mlangoni mwenyewe kusikiliza.

Wa kwanza alisema bata. Wa pili alisema ibata. Wa tatu, mbata. Wa nne, pata. Wa tano na wa sita waliivuta ile a ya mwisho, kila mmoja kwa upande wake. Wa saba alikuwa mwanamke mtu mzima, mbambua nta, kucha zake zikiwa za manjano hadi kwenye ngozi. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi.

"Bata," alisema, kama mtu anayetaja namba ya kitambulisho chake.

"Safi!" alisema Bwana Safi.

Jioni hiyo Mama Kadi aliandika kadi saba akiwa na furaha isiyo na kifani, ingawa alikuwa amefungua dirisha na kichwa chake kilikuwa nje. Profesa alipozisoma alipiga meza kwa viganja, akalamba kidole na kuzifunua tena na tena, akampigia simu mhariri wa kampuni ya vitabu hapo hapo.

Taratibu za ofisi zilitaka kila neno lihakikiwe kwa maswali madogo: dume lake mnamwitaje, kifaranga chake, na wakiwa wengi mnasemaje. Kwa hiyo wiki iliyofuata Mama Kadi alirudi. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Yule aliyesema ibata aliulizwa kifaranga, akatazama dari. Aliyesema pata aliulizwa wakiwa wengi, akacheka kwa aibu, akasema, "Pata nyingi?" kama anayeomba ruhusa. Watu waliokulia na ndege uani, hawajui kifaranga chake kinaitwaje?

Kabla hajauliza zaidi aliinuka, mkono mdomoni. Alikimbilia sehemu ya kunawia, akainama kwenye beseni la saruji, na aliponyanyua uso Shangazi alikuwa kando yake na kipande cha limau.

"Nusa. Usinyonye, nusa tu. Miezi mingapi?"

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu, mimi nimebeba sita. Bosi wako anajua?"

"Hajui."

"Mwache hivyo hivyo." Shangazi alifungua bomba, akaliacha litoe maji kwa kelele, akasogea karibu. "Unatuandika uongo, lakini kosa si lako. Bwana Safi alipokuja hapa, miaka mitatu sasa, kila mtu alikuwa anapiga kelele kwa lugha yake. Bata akianguka kwenye kulabu, huyu anamwita hivi, yule vile, mwisho ndege anaingia tangi siyo. Akasema: hapa neno ni moja, bata. Atakayesema lingine anashuka mferejini. Ukiziba, unauzibua kwa mikono. Matumbo mpaka hapa." Alijigusa kwenye kiwiko. "Mimi nilikaa wiki nzima, maana ulimi wangu mgumu. Nyumbani mume wangu aliniwekea godoro ukumbini. Basi watu wakalishika. Wengine wakaligongea kichwa au mkia wa kwao, ili lisiwakere sana mdomoni."

"Na neno lenu lenyewe ni lipi, shangazi?"

Shangazi alifunga bomba. "Hilo la mama yangu. Silitamki humu ndani. Litashika harufu, na harufu ya humu haitoki kwa sabuni."

Mama Kadi alirudi mjini na limau mkononi. Kilichomchefua njiani hakikuwa tena nta wala povu. Alikuwa akiona kadi zake saba, mwandiko wake mzuri, na chini ya kila neno aliona mkono wa mtu uliozama hadi kiwiko.

Alimweleza Profesa yote. Profesa alikuwa anakula yai la kuchemsha, na kiini kilikuwa kimemganda pembeni mwa mdomo.

"Miaka mitatu, miaka mia tatu," alisema. "Limeenea au halijaenea?"

"Limeenezwa, Profesa. Kwa adhabu."

"Na unadhani mengine yalienezwa kwa peremende? Wewe andika ulichosikia."

"Nilichosikia ni watu wanaogopa mfereji."

"Hakuna alama ya hofu kwenye kamusi," Profesa alisema, akajifuta kwa nyuma ya mkono. "Alhamisi namleta mhariri aone mwenyewe."

Alhamisi wakaenda watatu. Mhariri alikuwa mama mnyamavu aliyevaa viatu visivyofaa mahali pale. Bwana Safi alikuwa amewapanga watu saba mbele ya mfereji, aproni mpya, kama wanafunzi wanaosubiri mgeni rasmi. Akanyoosha kidole: bata. Ibata. Mbata. Pata. Kila mmoja alipomaliza, mhariri alimpongeza kwa kupiga paja kwa mkono mmoja, wa pili ukishika leso puani. Ikafika zamu ya Shangazi. Alimtazama Mama Kadi kidogo tu, kisha akatazama sakafu.

"Bata."

"Safi kabisa!"

Mama Kadi alitaka kusema kitu. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa chai ya asubuhi. Ilimwagika sakafuni, ikayarukia mabuti meupe ya msimamizi. Bwana Safi aliruka nyuma, akamfokea Shangazi alete brashi. Mama Kadi aliikamata brashi kabla Shangazi hajaishika, akasugua mwenyewe, akisukuma matapishi yake kwenye mfereji yaungane na matumbo.

Profesa alimtazama tumbo, akatabasamu kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Akamgeukia mhariri, sauti chini lakini si chini ya kutosha.

"Ndiyo haya. Binti yetu ni mjamzito. Wiki nzima ananiletea mashaka yasiyo na kichwa wala miguu. Hali zao mnazijua nyinyi wenyewe."

Mama Kadi alihisi nyongo ikimpanda, na safari hii tumbo halikuwa na kosa. Nyumbani alimsimulia mumewe, ambaye hakuwa msemaji. Mumewe alimchotea maji ya kuoga, akakaa mlangoni mwa bafu mpaka alipomaliza, kisha akasema, "Andika barua. Mimi nitaipeleka."

Aliandika ukurasa mmoja kwa mhariri. Alieleza amri ya neno moja, miaka mitatu na mfereji. Hakumtaja mtu. Mumewe aliifikisha asubuhi akielekea kazini.

Siku ya nne mhariri alipiga simu. Zile lugha saba angeziondoa kwenye sura ile. Sura ingebaki. Kisha akaongeza kwamba kwa adabu alikuwa amempigia msimamizi wa kiwanda kuhakikisha.

Mama Kadi aliweka simu chini. Kisha akavaa viatu.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa ya mwisho kwenye mtaa wa mabati, na alimkuta uani, mikono yote miwili ndani ya ndoo ya maji ya majivu.

"Usisogee," Shangazi alisema. "Nanuka. Leo siku ya tatu mferejini."

"Shangazi, sikukutaja. Naapa."

"Bwana Safi alihitaji kutajiwa? Ni nani mwingine aliyekuwa anakupa limau?" Hakupaza sauti. Alisugua kiwiko, akakinusa, akakunja uso, akasugua tena. "Ulitaka kweli. Umeipata. Iko hapa, chini ya kucha."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, ila si leo."

Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa anakimbiza ndege wawili karibu na uzio, akipiga kelele, "Bata! Bata!" Shangazi alimtazama muda mrefu.

"Humu kifuani nilijua ninalihifadhi neno la mama," alisema. "Jana nimemwita huyu mtoto nimfundishe la kwetu. Yakanijia maneno mawili. Moja ni la ndege huyu, jingine la bata bukini, na sijui lipi la nani. Mama yangu keshakufa, na dada zangu wako mbali. Nimekaa nimelishikilia miaka mitatu nikidhani ninalo." Akatema mate pembeni. "Mwambie Profesa wako aandike tu."

Mama Kadi hakutoa kadi. Aliinua ndoo, akamwaga maji machafu, akachota mengine bombani, akamtilia mikononi mpaka yakaisha. Shangazi hakumkaribisha ndani wala hakumfukuza.

Kitabu kilitoka na sura ya bata ikasifiwa sana. Mama Kadi alihamishiwa stoo ya karatasi, akavumilia mwezi mmoja, akaacha kazi. Siku hizi anafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na mtoto wake ameshaanza kutambaa. Shangazi aliacha kiwanda kabla ya mwaka kuisha na kwenda kukaa na dada yake mkubwa. Bwana Safi alipata mtu mwingine wa kubambua nta siku iyo hiyo, na jambo la kwanza alilomfundisha lilikuwa neno.